ESTA KATIKA MAFUTA YA KUJIPAKA: CHAMA KINUNUE NINI, NA KITENGENEZE NINI?

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika, Korogwe



Katika vyama vya msingi vya Handeni na Korogwe huzuka mara kwa mara swali lenye uzito wa fedha. Wanachama wanaolima ufuta na wale wanaofuga nyuki huuliza kwa nini waendelee kuuza mbegu na nta ghafi, na hali maduka ya Mkata, Kabuku, Mombo na Korogwe mjini yamejaa losheni na mafuta ya kujipaka yaliyotoka mbali. Wengine hupendekeza chama kifungue duka na kuleta losheni kwa bei ya jumla. Wengine huenda mbele zaidi: chama kichukue mkopo, kinunue mtambo, kitengeneze losheni yake chenyewe. Na katika kila mjadala wa namna hii hatakosekana mtu wa kusema kwamba losheni za viwandani ni "kemikali" na mafuta yetu ni "asilia", kana kwamba maneno hayo mawili yanatosha kuamua jambo.

Hayatoshi. Fedha zinazojadiliwa ni hisa na akiba za wanachama, na ngozi zitakazopakwa ni zetu na za watoto wetu. Kwa hiyo nimeona yafaa kueleza kitu kimoja ambacho kimo katika losheni nyingi sana, nacho huitwa esta. Anayefahamu esta ni nini, na hufanya kazi gani juu ya ngozi, ataweza kupima mwenyewe bei ya chupa, maneno ya mchuuzi, na mpango wa mradi uliowekwa mezani.

1. ESTA NI NINI

Wapo akina mama wengi katika vikundi vyetu wanaopika sabuni kwa mafuta ya mise au ya nazi pamoja na kostiki soda. Hao wamekwisha kufanya kazi ya kikemia juu ya esta, ijapokuwa pengine hawajalisikia jina hilo. Mafuta ya mimea na ya wanyama yameundwa kwa vitu viwili vilivyofungamana: asidi za mafuta, na alkoholi moja iitwayo glisirini. Asidi tatu hushikamana na glisirini moja. Fundo linalounganisha asidi na alkoholi ndilo fundo la esta, na kitu kizima kilichofungwa kwa fundo hilo huitwa esta. Kostiki soda inapotiwa katika mafuta hulikata fundo. Asidi huungana na soda zikawa sabuni, na glisirini hubaki huru.

Msomaji asishtushwe na maneno asidi na alkoholi. Asidi ya mafuta si ile ya betri ya gari, na alkoholi hapa si lazima iwe pombe. Kwa lugha ya wakemia glisirini nayo ni alkoholi, ilhali ni kimiminika kizito chenye utamu.

Aliyethibitisha kwamba mafuta yameundwa hivyo ni mkemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyetoa kitabu chake juu ya mafuta ya wanyama mwaka 1823. Jina la esta lilitungwa na Mjerumani Leopold Gmelin mwaka 1848.

Basi mafuta ya ufuta ni esta. Mafuta ya alizeti, ya nazi, ya nyonyo, na hata samli, yote ni esta. Nta ya nyuki kwa sehemu yake kubwa ni esta pia, ila si ya glisirini: humo asidi moja ndefu imefungwa na alkoholi moja ndefu, na kwa ajili hiyo nta ni ngumu na haiyeyuki mpaka joto lifikie kadiri ya nyuzi 62 hadi 65 za Sentigredi. Mwili wa binadamu wenyewe hutengeneza esta: katika mafuta yatokayo kwenye tezi za ngozi, takribani robo ni esta za jinsi ya nta.

Kinyume chake, mafuta ya mgando yanayouzwa madukani kwa makopo si esta. Hayo yametokana na petroli, hayana fundo la kukatwa, na mtu akiyachemsha na kostiki soda kutwa nzima hatapata sabuni. Tofauti hii tutaihitaji huko mbele.

2. KIWANDA HUFANYA NINI

Kiwanda cha esta huanza pale pale anapoanzia mpika sabuni, yaani hulifungua fundo. Mafuta ya nazi, ya mawese au ya mise hupashwa pamoja na maji kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, hata asidi zikaachana na glisirini. Kisha asidi hizo hutenganishwa kwa kuvukizwa na kupozwa, kila moja ikakusanywa kwa upande wake, kwa kuwa kila moja hugeuka mvuke kwa joto lake. Miongoni mwa hizo imo asidi ya miristiki, ambayo jina lake limetokana na jina la kitaalamu la mti wa kungumanga, maana mafuta ya kungumanga yamejaa asidi hiyo. Katika mafuta ya nazi na ya mise nayo imo kwa kiasi cha kutosha.

Hapo kiwanda hufunga fundo jipya. Badala ya glisirini hutiwa alkoholi nyingine, mathalan isopropili, ambayo aghalabu hutokana na petroli. Huongezwa kichocheo kidogo chenye asili ya asidi, mchanganyiko hupashwa moto, na maji yanayozaliwa katika kazi hiyo huondolewa bila kukoma. Kuyaondoa maji ni sharti, kwani yakiachwa hulirudisha fundo nyuma. Namna hii ya kufunga fundo ilielezwa na wakemia Emil Fischer na Arthur Speier huko Ujerumani mwaka 1895. Kinachopatikana mwishoni ni kimiminika chepesi, kisicho na rangi na kisicho na harufu ya kutajika, kiitwacho isopropili miristati.

Mkulima atalielewa jambo hili kwa mfano wa jembe. Akilivua jembe katika mpini mzito na kulitia katika mpini mwepesi, jembe ni lile lile, lakini mkono unaona tofauti. Hali kadhalika asidi ile ile ya nazi, ikitolewa kwenye glisirini na kutiwa kwenye alkoholi ndogo, hugeuka kitu chepesi zaidi. Na wepesi huu hupimika. Chembe moja ya mafuta ya kawaida, ambayo wakemia huiita molekuli, ikiwa imebeba asidi tatu za oleiki ina uzito wa 885 katika vipimo vyao. Molekuli ya isopropili miristati ina uzito wa 270, yaani chini ya theluthi moja.

Kwa kubadilisha asidi na kubadilisha alkoholi, kiwanda hupata esta za namna nyingi. Nyingine ni nyepesi kama mafuta ya taa, nyingine nzito kama asali, nyingine ngumu kama mshumaa. Ipo hata ile ambayo ndani yake glisirini imerudishwa, lakini ikabebeshwa asidi fupi tu zilizochaguliwa kutoka katika mafuta ya nazi au ya mise. Majina ya asidi hizo fupi, kapriliki na kapriki, yametokana na neno la Kilatini la mbuzi, kwa sababu zimo katika maziwa ya mbuzi.

Hapa ndipo maneno "asilia" na "kemikali" yanapopungukiwa na nguvu. Esta ya kiwandani mara nyingi nusu yake imetoka shambani, na mafuta yetu ya ufuta ni esta kama ilivyo ile. Swali la maana ni hili: imefungwaje, na kwa kazi gani?

3. KWA NINI ZIKATENGENEZWA

Zamani watengenezaji wa krimu za ngozi walitegemea esta za wanyama: nta ya nyuki, mafuta ya sufu ya kondoo, na nta nyeupe iliyotolewa katika kichwa cha nyangumi mkubwa. Nta hiyo ya nyangumi karibu yote ilikuwa esta moja, setili palmitati. Kwa ajili ya mafuta na nta, nyangumi waliwindwa mpaka idadi yao ikapungua sana, na mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliamua kuusimamisha uwindaji wa biashara, uamuzi uliotekelezwa kuanzia mwaka 1986. Viwanda vililazimika kuifunga esta ile ile kwa asidi na alkoholi kutoka mimea na petroli. Leo setili palmitati iliyomo katika krimu haihitaji nyangumi hata mmoja.

Zaidi ya hayo, kiwanda hutaka malighafi isiyobadilika. Mafuta ya shambani hubadilika kwa mwaka, kwa mbegu na kwa mkamuaji. Esta ya kutengenezwa huwa ile ile kila pipa, na mwenye kiwanda huweza kuahidi kwamba chupa ya leo ni sawa na chupa ya mwaka jana.

4. KAZI YA ESTA JUU YA NGOZI

Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kama ukuta. Matofali yake ni seli bapa zilizokwisha kufa, na udongo unaoyashikanisha ni mafuta ya ngozi yenyewe. Ukuta huu ni mwembamba mno: sehemu kubwa ya mwili unene wake hauzidi sehemu 1 au 2 katika 100 za milimita moja. Kazi yake ni kuzuia maji ya mwili yasitoke ovyo, na uchafu wa nje usiingie. Ili ubaki laini lazima uwe na maji ya kutosha ndani yake. Yakipungua chini ya kadiri ya sehemu 10 katika 100, ngozi hukakamaa, hupauka, na mwishowe hupasuka.

Kiangazi cha Handeni, vumbi, upepo, sabuni kali, na utomvu wa mkonge unaowasha mikono ya wakataji, vyote huula ule udongo wa ukuta. Nyayo na viganja ndivyo vinavyoumia zaidi, kwa kuwa hapo hakuna tezi za mafuta. Mtu hujaliwa jasho tu sehemu hizo.

Esta inapopakwa hufanya kazi nne.

Kwanza, hujaza nyufa. Kingo za seli zilizokauka huinuka kama magamba. Esta huingia katikati, magamba hulala, na ngozi huonekana laini papo hapo. Hii ndiyo maana ya kilainishi.

Pili, hupunguza kasi ya maji kutoka. Utando wa mafuta juu ya ngozi huyazuia maji ya mwili yasiende hewani haraka. Lakini yafaa ieleweke kwamba katika kazi hii esta nyepesi si bingwa. Mafuta ya mgando huyashinda karibu mafuta mengine yote kwa kuzuia maji. Mwenye nyayo zilizopasuka, akizilowesha kwa maji safi jioni, akazifuta na kupaka mafuta ya mgando, amepata dawa rahisi yenye nguvu kuliko chupa nyingi za bei kubwa.

Tatu, husambaa. Esta yenye molekuli ndogo hutanda upesi juu ya ngozi, haiachi utelezi mzito, wala haishiki vumbi na shuka kama mafuta mazito. Esta nzito hutanda polepole na kukaa muda mrefu. Kwa hiyo mtengenezaji stadi huchanganya nyepesi, ya kati na nzito, ili mpakaji aone ulaini tangu anapopaka mpaka saa kadhaa baadaye. Kule kusema kwamba losheni "imeingia ndani" aghalabu si kuingia. Ni maji yake kukauka na esta yake kutanda nyembamba sana.

Nne, hubeba vitu vingine. Manukato, vitamini na dawa nyingi haziyeyuki katika maji. Huyeyuka katika esta, na esta huzieneza sawasawa juu ya ngozi.

Esta haifanyi zaidi ya hayo. Hailishi ngozi, haiondoi mba wala fangasi, haibadilishi rangi ya mtu. Na kwa wenye chunusi baadhi ya esta, isopropili miristati ikiwemo, zinajulikana kwa kuziba vitundu vya ngozi na kuzidisha taabu. Hao wapake kidogo na kuangalia.

5. KUBEBA KWA HERI NA KUBEBA KWA SHARI

Kazi ile ya nne inahitaji maelezo zaidi, maana humo mna uhai wa watu.

Ndugu zetu wenye ualbino hawana rangi ya kutosha ya kuikinga ngozi, na jua letu huwaletea saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Losheni ya kuzuia jua kwao ni kinga ya maisha. Vizuia-jua vingi huyeyuka katika mafuta tu, na vingine katika hali yake ni unga. Vikitiwa katika mafuta yasiyofaa hujikusanya vidonge vidonge, na mahali palipokosa kinga jua huunguza. Esta zilizochaguliwa vema huviyeyusha na kuvitandaza bila kuacha pengo. Huko Moshi, katika Hospitali ya KCMC, ambako kituo cha kufundisha matibabu ya ngozi kilifunguliwa mwaka 1992, ulianzishwa katika muongo wa 2010 utengenezaji wa losheni ya kuzuia jua iitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kazi hiyo iliongozwa na mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto, na kampuni ya BASF ya Ujerumani ilisaidia kwa utaalamu wa kuichanganya. Jambo hili linatufundisha kwamba losheni ya namna hiyo yaweza kutengenezwa nchini mwetu, lakini kwa wafamasia, vipimo na maabara.

Kwa hiyo nasema bila kuficha: mafuta ya ufuta, ya nazi au nta ya nyuki si kinga ya jua. Mzazi atakayempaka mtoto mwenye ualbino mafuta hayo na kumwacha shambani kutwa, akidhani amemkinga, amemweka hatarini. Chama chochote kisithubutu kuandika juu ya kopo lake kwamba mafuta yake yanazuia jua.

Upande wa pili ni huu. Esta inayosaidia dawa njema kupenya, husaidia pia sumu kupenya. Isopropili miristati hutumiwa na wafamasia kwa makusudi hayo hayo ya kupenyeza dawa katika ngozi. Basi krimu ya kujichubua yenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi, vitu ambavyo vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, inapochanganywa na esta nyepesi hupata njia rahisi zaidi ya kuingia mwilini. Ulaini na harufu nzuri ya krimu si ushahidi wa usalama wake.

6. UFUTA NA NTA YETU KANDO YA ESTA YA KIWANDANI

Tuzilinganishe kwa haki, bila kupendelea.

Kwa kulainisha ngozi kavu, mafuta ya ufuta na nta hutosha kabisa. Utando wake ni mzito na hukaa muda mrefu, jambo linalofaa kwa nyayo, viwiko na mikono ya kazi.

Kwa wepesi na kutanda, esta ya kiwandani hushinda. Anayetaka kupaka uso na kuvaa shati jeupe mara moja hatapenda nta.

Kwa kudumu, esta kama isopropili miristati hushinda pia. Asidi yake imeshiba, yaani haina nafasi ya kushambuliwa na hewa. Mafuta ya ufuta yana asidi nyingi zisizoshiba, nazo hewa, joto na mwanga huziharibu mpaka mafuta yakanuka. Ni kweli kwamba ufuta umejaliwa vitu vyake vya asili vya kuchelewesha uharibifu huo, hivyo hudumu kuliko mafuta ya alizeti. Lakini hauwezi kukaa juani dirishani mwa duka miezi mingi.

Kwa kupatikana, sisi tunayo nta na ufuta, na milima ya Usambara ina mti wa msambu ambao mbegu zake hutoa mafuta magumu yenye asidi nyingi ya steariki. Esta ya kutengenezwa hatuna, wala hatuwezi kuitengeneza kwa sufuria.

7. KUSOMA KIBANDIKO

Katibu anayeagiza bidhaa za duka ajifunze kusoma orodha ya vitu vilivyomo. Orodha hiyo huanza na kile kilicho kingi zaidi na kushuka. Katika losheni, cha kwanza karibu daima ni maji, na maji hayo aghalabu hukaribia robo tatu ya uzito wote. Tuchukue chupa ya gramu 400 yenye maji sehemu 75 katika 100: humo mna gramu 300 za maji, na gramu 100 tu za vitu vingine vyote pamoja. Huu si wizi, kwa kuwa maji ndiyo yanayoifanya losheni iwe laini kupaka. Lakini anayelinganisha bei ya losheni na bei ya kopo la mafuta matupu akumbuke hesabu hiyo.

Esta nyingi hutambulikana kwa majina ya Kiingereza yenye mwisho wa herufi a, t, e, kama vile "isopropyl myristate", "isopropyl palmitate" na "cetyl palmitate". Hata hivyo si kila jina lenye mwisho huo ni esta. Likitanguliwa na "sodium" au "potassium", kama "sodium stearate", hiyo ni chumvi ya asidi ya mafuta, yaani sabuni. Na chupa inayojigamba kwa picha ya nazi au ya ua, na hali mafuta ya nazi yametajwa mwisho kabisa wa orodha, ina nazi kidogo sana.

8. USHAURI KWA VYAMA

(a) Kwa chama kinachotaka kuuza dukani: nunueni bidhaa zenye kibandiko kamili, tarehe ya mwisho ya kutumika, na alama ya ubora ya TBS. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umehamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, na huko ndiko kwa kuuliza mnapokuwa na shaka. Msinunue losheni ya kupimwa kutoka katika madumu yasiyo na jina, hata ikiwa rahisi namna gani.

(b) Kwa chama kinachotaka kutengeneza: msianze na losheni. Losheni ina maji, na penye maji vijidudu huzaliana. Huhitaji maji yaliyosafishwa, kiunganishi cha maji na mafuta, kihifadhi kilichopimwa sawasawa, na mtu aliyesomea kazi hiyo. Anzeni na mafuta ya kopo yasiyo na maji kabisa. Mchanganyiko wa kuanzia ni sehemu 1 ya nta kwa sehemu 4 za mafuta kwa uzito. Yaani gramu 200 za nta safi na gramu 800 za mafuta ya ufuta hutoa kilo 1. Yeyusheni nta ndani ya sufuria iliyowekwa katika sufuria nyingine yenye maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, maana nta huwaka. Ikishayeyuka tieni mafuta yaliyochujwa, koroga mpaka vichanganyike, kisha mimina katika makopo makavu kabisa. Ikiwa laini mno kwa joto la Handeni ongezeni nta kidogo. Ikiwa ngumu mno kwa baridi ya Bungu punguzeni. Kabla ya kuuza, watu wazima wa kikundi wajaribu kidogo katika kunjo la mkono kwa siku nzima, waone kama panawasha.

(c) Pelekeni mchanganyiko huo kwa wataalamu. SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, hufundisha vikundi na kuwaongoza katika kutafuta alama ya TBS. Kuuza bila kusajiliwa ni kuiweka mali ya wanachama mahali pa kutaifishwa.

(d) Wekeni vitabu. Kila mpiko uwe na namba, tarehe, uzito wa nta na mafuta yaliyotumika, na idadi ya makopo. Mlaji akirudi na malalamiko, chama kiweze kujua kopo lilitoka mpiko upi.

(e) Nta ya mwanachama isihesabiwe kuwa ni bure. Hili ni kosa linaloua miradi mingi. Nta na ufuta viingizwe katika hesabu kwa bei ambayo mnunuzi wa siku hiyo angelipa, kisha zifuate gharama za kopo, kibandiko, kuni, usafiri, usajili, na ujira wa waliofanya kazi. Ikiwa baada ya hayo yote kopo halileti ziada juu ya kuuza nta na mbegu vikiwa ghafi, basi uzeni vikiwa ghafi, wala msione haya. Kazi ya ushirika ni kumwongezea mwanachama kipato; jina la kiwanda pekee halimwongezei kitu.

(f) Mkopo wa mtambo usichukuliwe nje ya ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Muuza mtambo akisema kwamba nafasi itapotea wiki hii, mwacheni aende nayo.

Ndugu Makatibu, someni makala haya kwa sauti katika mkutano wa Bodi kabla ya ajenda ya mradi, na mtu alete mezani chupa moja ya losheni na kopo moja la mafuta ya mgando. Wajumbe wasome vibandiko viwili hivyo na kuulizana maswali matatu: nini kimo, kinafanya kazi gani, na ni nani atakayekinunua kwetu tena mara ya pili? Wakipata majibu ya yote matatu, jambo lipelekwe kwenye Mkutano Mkuu. Wakikosa hata moja, fedha zibaki benki mpaka jibu lipatikane.